Zygon wa Doctor Who: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Nimeitazama Doctor Who pamoja na ndugu, marafiki na majirani, na kila tunapofika kwa Zygon maswali huwa yale yale. Mwingine huuliza hadithi ikiwa bado inaendelea, mwingine hunipigia simu kesho yake. Nimeyakusanya hapa na majibu yake. Nitasimulia mpaka miisho, kwa hiyo asiyependa kuambiwa mambo mapema atazame kwanza, kisha arudi.

Zygon ni nani hasa?

Ni viumbe wa sayari nyingine katika Doctor Who, tamthilia ya kubuni ya kisayansi ambayo BBC ilianza kuirusha tarehe 23 Novemba 1963. Kwa umbo lao la kuzaliwa wana rangi ya chungwa iliyoelekea kutu, kichwa kikubwa kisicho na shingo kama cha mtoto aliye tumboni, na kuanzia utosini hadi miguuni wamejaa vile viduara vinavyong'ang'ania, vilivyo kwenye minyiri ya pweza. Sauti yao ni mnong'ono wenye mkwaruzo. Umbo hilo lakini huwaoni nalo sana, kwa sababu ustadi wao ni kuvaa sura za watu.

Kwao hakupo tena. Naliweka hili mwanzoni kwa makusudi, maana wengi huwasimulia Zygon kama wavamizi tu, wakasahau kwamba tangu siku ya kwanza walipojieleza kwenye televisheni walikuwa watu wasio na pa kurudi.

Jina linatamkwaje?

Zaigoni. Sauti ya kwanza ni "zai", kama mwanzo wa "zaituni" ukiufupisha.

Walitokea lini kwa mara ya kwanza?

Katika "Terror of the Zygons", hadithi ya sehemu nne iliyorushwa kuanzia tarehe 30 Agosti hadi 20 Septemba 1975. Aliiandika Robert Banks Stewart, akaiongoza Douglas Camfield. Daktari, mhusika mkuu wa tamthilia anayesafiri kwenye wakati na kubadilishwa mwigizaji kila baada ya muda, wakati huo alikuwa Tom Baker, akiwa na Sarah Jane Smith, aliyeigizwa na Elisabeth Sladen, na Harry Sullivan, aliyeigizwa na Ian Marter.

Mambo yanatokea Uskoti, ingawa picha za nje zilipigwa Sussex, kusini mwa Uingereza. Mitambo ya kuchimba mafuta katika Bahari ya Kaskazini inavunjwa na kitu kisichojulikana, na Brigedia Lethbridge-Stewart wa UNIT, kikosi cha kijeshi kinachoilinda dunia dhidi ya viumbe wa sayari nyingine, anamwita Daktari aje kusaidia. Kumbe chini ya ziwa la Loch Ness kimelala chombo cha Zygon kilichoanguka duniani karne nyingi zilizopita. Waliomo walikuwa wakingoja kuokolewa. Habari iliyowafikia ni kwamba sayari yao imelipuka pamoja na nyota yake, na kwamba wenzao walionusurika wako angani katika msafara wa vyombo, wanatafuta pa kukaa. Kiongozi wao, Broton, akawaita waje hapa. Mpango wake ulikuwa kuyeyusha barafu ya ncha za dunia na kuipasha sayari joto hadi ifanane na kwao, na binadamu wafanywe watumwa wa kazi hiyo.

Broton alitembea mchana kweupe akiwa na sura ya Duke wa Forgill, bwana mkubwa mwenye ngome yake pale kijijini. Mwigizaji ni mmoja, John Woodnutt, anayekuwa mzee mwenye dharau kwenye ngome, kisha anakuwa kiumbe mwenye kiu ya kutawala ndani ya chombo. Ukiisikiliza sauti yake katika nafasi zote mbili utaona alivyoifanya kazi hiyo kwa makini: dharau ni ile ile, pumzi ndiyo inayobadilika.

Wanajigeuzaje? Na mwenye sura huenda wapi?

Hapa ndipo Zygon wanapoachana na viumbe wengine wanaojigeuza. Sisi tuliolelewa na hadithi za mchawi anayekuwa fisi usiku tumezoea kwamba anayegeuka hubadili umbo lake mwenyewe. Kukicha, hakuna aliyepungukiwa na kitu. Zygon anachukua umbo lenye mwenyewe. Lazima kuwe na mtu halisi, na katika hadithi ya 1975 mtu huyo lazima awe hai.

Hutekwa, akafungiwa ndani ya kijumba chembamba kama jeneza lililosimamishwa, akawekwa hapo akiwa hana fahamu. Mashine huchukua chapa ya mwili wake, na Zygon husimama mahali pake hadi chapa hiyo imkae. Mateka wanahifadhiwa kwa sababu wanahitajika. Sarah anapoingia kwenye ule ukumbi wa vijumba, anamkuta Duke wa kweli, anamkuta Sista Lamont, muuguzi wa pale kijijini, na anamkuta Harry. Ngoja kidogo uufikirie utaratibu huo: kwa wiki nzima umekuwa ukizungumza na sista anayekufunga bendeji, na sista mwenyewe yuko chini ya ziwa.

Na mashine yenyewe hailingani na mashine ulizozoea. Chombo cha Zygon hakina vitufe wala nyaya. Kina vinundu na mishipa na kuta laini zenye unyevu, na rubani hukiendesha kwa kuminya na kupapasa, kama mtu anayekama ng'ombe. Kila chao kimeoteshwa. Hata kidude chao cha kupelelezea, kilichofichwa ndani ya kichwa cha kulungu kilichotundikwa ukutani kwenye nyumba ya wageni, kina jicho linaloonekana kama limetoka kwenye mwili wa kitu kilicho hai.

Mwaka 2015 waandishi walibadilisha kanuni hiyo. Zygon wa siku hizi wanaweza kuchota sura ya mtu unayempenda kutoka kwenye kumbukumbu zako, bila kumfungia mwenyewe popote. Mateka anabaki na faida akiwa ana mambo kichwani ambayo Zygon anataka kuyajua. Binafsi naona kanuni ya zamani ilikuwa na uzito zaidi, kwa sababu ilikuwa na gharama na ilimwachia mtazamaji tumaini: aliyepotea yupo, atafutwe.

Kwa nini wanawatisha watu kuliko viumbe wenye silaha kubwa?

Dalek, adui mkubwa wa Daktari, akija unamwona, ana bunduki, ana kelele. Zygon anakuja na uso wa mtu uliyemfungulia mlango mwenyewe.

Mfano bora wa 1975 ni Harry. Ni daktari wa jeshi la majini, mpole, mwenye haraka za kizamani za kuwasaidia wanawake kushuka ngazi. Katika sehemu ya pili Sarah anamfuata hadi kwenye banda la nyasi kavu, na Harry anamrukia na uma wa kugeuzia nyasi. Uso ni ule ule, koti ni lile lile. Anaanguka kutoka darini, anakufa, na mwili unarudi kuwa wa Zygon kabla ya kutoweka. Marter hakukaza uso wala kubadili sauti sana. Aliondoa tu uchangamfu, macho yakabaki kama ya mtu asiyemfahamu Sarah.

Miaka 40 baadaye likaja tukio zito zaidi. Wanajeshi wa UNIT wamefika kijiji kimoja katika nchi ya kubuni ya Turmezistan, wamelizunguka kanisa lililojaa Zygon waasi. Mlango unafunguka, wanatoka watu wa familia zao. Mwanajeshi mmoja anamwona mama yake. Anamwelekezea bunduki, anamwuliza maswali ambayo mama yeyote angeyajibu usingizini. Mama hajibu hata moja, anasema tu kwamba anampenda na kumwomba aingie naye ndani. Kijana anajua. Kila mtazamaji anajua kwamba anajua. Anashusha bunduki na kuingia. Kabla ya hapo, rubani wa ndege isiyo na rubani ndani, aliye mbali kabisa mbele ya skrini yake, alishindwa kuachia kombora kwa sababu alimwona mume wake na mtoto wao wamesimama pale chini.

Nimeliona tukio la kanisa mara nyingi na bado siwezi kumlaumu yule kijana.

Nani aliwabuni kwa sura?

Mavazi ni ya James Acheson, na barakoa zilifinyangwa na John Friedlander. Acheson baadaye alipata tuzo tatu za Oscar za ubunifu wa mavazi, kwa filamu za The Last Emperor, Dangerous Liaisons na Restoration. Waliporudi 2013 walirekebishwa kidogo tu. Viduara, kichwa na rangi vilibaki. Hiyo ni heshima ambayo viumbe wachache wa miaka ya 1970 wameipata.

Kama walipendwa hivyo, mbona walipotea kwa miaka 38?

Kwenye skrini, ndiyo, hawakuwa na hadithi yao wenyewe tangu 1975 hadi 2013. Katikati, tamthilia yenyewe ilisimama mwaka 1989, ikatoa filamu moja ya televisheni mwaka 1996, ikarudi kikamilifu 2005. Zygon waliendelea kuishi kwenye riwaya na michezo ya sauti, na walitajwa kwa kupitia tu. Mwaka 2012, katika "The Power of Three", Daktari anawapeleka wasafiri wenzake, Amy na Rory, kwenye hoteli ya Savoy mwaka 1890 na kukuta nusu ya wafanyakazi ni Zygon.

David Tennant, aliyekuwa Daktari kuanzia 2005, amewataja Zygon kuwa viumbe anaowapenda kuliko wote tangu utoto. Alimaliza zamu yake yote bila kukutana nao. Aliporudi kwa sherehe za miaka 50, hao hapo.

Nini kilitokea 2013?

"The Day of the Doctor" ilirushwa tarehe 23 Novemba 2013, siku tamthilia ilipotimiza miaka 50, kwa wakati mmoja katika nchi 94. Iliandikwa na Steven Moffat. Madaktari ni watatu: Matt Smith, David Tennant na John Hurt.

Zygon wako Uingereza mwaka 1562, enzi za Malkia Elizabeth wa Kwanza. Wanaiona dunia ya wakati ule kuwa bado duni, hivyo wanajificha ndani ya michoro, michoro ya Mabwana wa Wakati, jamii anakotoka Daktari, ambayo ndani yake kuna mahali halisi palipogandishwa, wakingoja karne zipite. Wanatoka wakati wetu, kwenye jumba la sanaa la London. Hapo kuna kitu kidogo nakipenda sana. Vioo vya michoro vimevunjika kutoka ndani, na sakafuni kuna vumbi la mawe. Osgood, mwanasayansi wa UNIT, anatambua kwamba vumbi lile ni sanamu zilizosagwa. Ikiwa sanamu zimesagwa, basi zile shuka zinazoonekana kufunika sanamu zinafunika nini?

Kuhusu Malkia: Tennant anamposa akiamini ni Zygon aliyejigeuza, ili amfichue. Zygon kumbe alikuwa farasi. Baadaye Malkia na nakala yake wanasimama pamoja msituni, na mmoja anamuua mwenzake. Aliyebaki ni Elizabeth wa kweli, aliyejifanya kuwa Zygon aliyejifanya Elizabeth, na Zygon wengine wakamwamini.

Lakini hayo ni mapambo. Kiini kipo kwenye ghala la siri chini ya Mnara wa London. Kate Stewart, binti wa yule Brigedia wa 1975, anawasha bomu la nyuklia lililofichwa pale, afadhali London yote iteketee kuliko silaha za ghala kuangukia mikononi mwa Zygon. Nakala yake ya Zygon imekaa upande wa pili wa meza, nayo haitaki kurudi nyuma. Madaktari wanatumia mashine ya ghala inayofuta kumbukumbu, na ghafla hakuna pale mezani anayejua kama yeye ni binadamu au Zygon. Sasa wazungumze mkataba. Asiyejua yuko upande gani atadai haki kwa pande zote mbili, maana huenda anajidai mwenyewe.

Na kuna Osgood wawili, yule mwanasayansi na nakala yake ya Zygon. Mmoja anamrudishia mwenzake kifaa cha pumu, wanaelewana bila kusema neno, wananyamaza. Hao ndio wa kwanza kufanya amani, kabla ya wakubwa wao.

Sayari yao iliharibiwa na nini? Hadithi hazipatani.

Mwaka 1975 Broton anasema ni mlipuko wa nyota. Mwaka 2013 tunaambiwa iliungua siku za mwanzo za Vita vya Wakati, vita kati ya Dalek na Mabwana wa Wakati. Unaweza kuziunganisha: vita vya viumbe wanaosafiri kwenye wakati vinaweza kulipua nyota popote na siku yoyote. Uzito uko kwenye hiyo ya pili, kwa sababu Daktari alikuwa mpiganaji katika vita hivyo. Zygon wanaobisha mlango wa dunia walikoseshwa makao na ugomvi wa watu wa kwake.

Ni kweli Zygon milioni 20 wanaishi duniani?

Katika hadithi, ndiyo. "The Zygon Invasion" na "The Zygon Inversion" zilirushwa tarehe 31 Oktoba na 7 Novemba 2015, zikiandikwa na Peter Harness, sehemu ya pili akishirikiana na Moffat. Mkataba wa 2013 umezaa matunda: Zygon milioni 20 wamekaa, wengi wao Uingereza, kila mmoja na umbo la kibinadamu, kazi, shule, mtaa. Viongozi wao wakuu wamevaa maumbo ya wasichana wawili wa shule, Jemima na Claudette. Sharti ni moja: usionekane.

Kundi la vijana wa Zygon linalikataa sharti hilo. Wanataka waishi kwa umbo lao, na ikibidi kwa vita. Wanawaua Jemima na Claudette. Kiongozi wao anachukua sura ya Clara, mwandani wa Daktari, na kujiita Bonnie. Jenna Coleman anaigiza wote wawili, na inafaa kumtazama jinsi Bonnie anavyotembea, mgongo umenyooka, hana kicheko hata kimoja cha Clara. Clara mwenyewe amelazwa ndani ya kijumba, lakini fungamano lao linakwenda pande zote mbili. Bonnie akilenga ndege ya Daktari kwa roketi, Clara, kutoka ndani ya ndoto, anausukuma mkono.

Wengi humkumbuka Bonnie. Mimi humkumbuka Etoine. Ni Zygon wa kawaida anayeishi London, hana chama wala siasa. Bonnie anamlazimisha arudi kwenye umbo lake mbele za watu na kumrekodi, ili binadamu waingiwe na hofu na vita vianze. Daktari anamkuta amejificha dukani, uso nusu wa mtu nusu wa Zygon, unashindwa kutulia. Anasema vita hivi si vyake, kwamba alitaka tu kuishi hapa. Kisha anajiua. Dakika chache tu, mwigizaji mmoja kati ya rafu za bidhaa, na kwangu ndizo dakika zenye ukweli mwingi kuliko zote ambazo Zygon wamepewa.

Masanduku ya Osgood yana nini ndani?

Ni masanduku yaliyowekwa kuulinda mkataba. Ni mawili, jekundu na la buluu, moja la binadamu na moja la Zygon, kila moja na vitufe viwili. La buluu: kitufe kimoja kinafichua Zygon wote, kingine kinawafunga katika umbo la binadamu daima. Jekundu: kimoja kinatoa gesi inayowaua Zygon wote, kingine kinalipua bomu lililo chini ya London. Nani anajua kipi ni kipi? Hakuna.

Gesi hiyo imetajwa kuwa kazi ya daktari wa jeshi la majini wa UNIT, yaani Harry Sullivan. Kwa aliyetazama 1975 linachoma: yule mpole aliyefungiwa kijumbani ndiye aliyekwenda maabara akatengeneza kitu cha kuwamaliza.

Kate anashika kitufe chake, Bonnie chake. Peter Capaldi, Daktari wa wakati huo, anazungumza nao katikati ya masanduku kwa dakika kadhaa bila muziki mkubwa wala hila za kamera. Anamwuliza Bonnie ataijenga dunia gani baada ya kushinda, nani atapika, nani atapiga muziki, watawafanya nini wenzao watakaoinuka dhidi yao. Anamwambia kwamba vita vyote huishia watu wakikaa kitako na kuzungumza, na kwamba yeye anajua kwa sababu alishika kitufe kama hicho katika vita vikubwa zaidi. Bonnie anaondoa mkono. Anatambua masanduku ni matupu. Na tunaelezwa kwamba mazungumzo haya yamefanyika mara 15 tayari, kila mara Kate akifutiwa kumbukumbu.

Osgood aliyebaki ni binadamu au Zygon?

Hasemi. Mmoja wa wale wawili aliuawa na Missy, adui wa Daktari, mwaka 2014, na aliyebaki amekataa katakata kutaja ni yupi. Anasema yeye ni Osgood, basi. Mwishoni mwa hadithi ya 2015 Bonnie anaiacha sura ya Clara, anachukua ya Osgood, na wanakuwa wawili tena, walinzi wa mkataba. Daktari anamwuliza kwa mara ya mwisho. Jibu ni kwamba atasema siku ambayo hakuna mtu atakayejali jibu.

Mashabiki wametafuta dalili kwenye miwani, skafu na kifaa cha pumu. Mimi sitafuti. Swali lenyewe ndilo analolikataa, na ana haki.

Je, hadithi ya 2015 inawasema vibaya wahamiaji?

Watu wamegawanyika, na hoja za pande zote zina nguvu. Mwaka ule maelfu walikuwa wakivuka Mediterania kuingia Ulaya, na hapa inakuja tamthilia kubwa ya Uingereza inayosema kwamba jirani yako huenda si anayeonekana, na kwamba ndani ya wageni wako wamo waasi. Tukilishika hilo peke yake, ni hofu ya mitaani iliyovikwa viduara vya pweza.

Lakini hadithi imeweka pia picha iliyogeuzwa. Katika mji wa Truth or Consequences, New Mexico, wenyeji Wamarekani walianza kuwachukia Waingereza waliohamia kwa wingi, ambao kumbe walikuwa Zygon, wakawawekea vibao vya kuwafukuza. Mtazamaji wa London akaonyeshwa jina la taifa lake kwenye kibao cha chuki. Na yuko Etoine.

Kasoro ninayoiona mimi iko kwingine. Mkataba unamtaka Zygon afiche umbo lake maisha yake yote. Hapo kuna dhuluma, na Bonnie alikuwa sahihi kuitaja hata kama njia yake ilikuwa ya mauaji. Hotuba ya Capaldi inamshinda kwa hoja ya vita, lakini haimjibu kwa hoja ya uso. Mwishoni mkataba unarudi ulivyokuwa, sharti likiwa lile lile. Ningependa mwandishi mwingine siku moja aandike kuhusu Zygon anayefungua duka asubuhi akiwa na umbo lake, na wateja wanaosita mlangoni kisha wanaingia.

Kuna wengine wanaojigeuza katika tamthilia hii?

Wengi. Waliotangulia Zygon ni wale wa "The Faceless Ones" ya 1967, viumbe waliopoteza nyuso zao katika mlipuko wakaanza kuiba za vijana wanaosafiri kupitia uwanja wa ndege wa Gatwick. Nao mwishowe walikubaliana na Daktari. Kati ya sehemu zake sita zimebaki mbili tu kama zilivyorushwa. Mrutan wa 1977 alichukua sura ya mlinzi wa mnara wa taa baada ya kumuua. Slitheen wa 2005 hawageuki kabisa. Wanavaa ngozi za watu kama nguo. Mfungwa Sifuri wa 2010 anaiga wagonjwa waliolala bila fahamu hospitalini, na hukosea midomo: mtu na mbwa wanatokea, anayebweka ni mtu.

Si Daktari naye hubadilika sura?

Hubadilika, tangu 1966 William Hartnell alipomwachia Patrick Troughton. Ila hachukui cha mtu, na kwa kawaida hachagui.

Unamtambuaje Zygon?

Mwaka 2013 Daktari alikuwa na mashine ya kuwatambua, na akaishia kumhutubia sungura wa kawaida kwa ukali. Kuuliza maswali ya siri kunasaidia ikiwa Zygon hana kumbukumbu za mateka; akiwa nazo, atajibu. Clara na Bonnie walikuwa na mapigo ya moyo yaliyofungamana, kwa hiyo hakuna aliyeweza kumdanganya mwenzake, lakini hilo linahitaji uwe mateka kwanza. Njia ya uhakika haipo, na isingekuwa hadithi kama ingekuwapo.

Nianze na ipi?

"Terror of the Zygons", sehemu nne za takriban dakika 25. Ukiweza tafuta toleo la diski la 2013, lenye tukio la mwanzo lililokatwa 1975, Daktari na wenzake wakitoka kwenye TARDIS, chombo chake cha kusafiria, ikiwa haionekani. Kisha "The Day of the Doctor", kisha zile mbili za 2015. Usianze na 2015. Jina la Harry halitakuuma.

Na yule mnyama wa Loch Ness?

Ni Skarasen. Zygon walimleta akiwa kiinitete, wakamkuza ziwani, wakamfanya nusu mnyama nusu mashine. Ndiye aliyekuwa akiivunja mitambo ya mafuta, lakini kwao kwanza alikuwa chakula: Zygon wanaishi kwa maziwa yake. (Mwaka 1985 "Timelash" ilitoa maelezo mengine kabisa kuhusu mnyama wa ziwa hilo, mimi nabaki na haya.)

Broton alimwita aje London, kwenye mkutano wa nishati wa dunia, ambao aliingia kwa cheo na uso wa Duke. Chombo kilikuwa kimeshalipuka, mateka wameshaokolewa. Brigedia akampiga Broton risasi, na Skarasen akachomoza kichwa kutoka Mto Thames akitafuta kile kifaa kilichokuwa kikimwita. Daktari akamrushia. Akakimeza, akageuka, akaogelea kurudi Loch Ness, makazi pekee aliyoyajua. Waliokuwa wakimkama hawapo tena.